Kibao cha Sabiha

Macho ya Sabiha yalipoanza kuuma, hakuugua peke yake; baraza lake zima liliugua naye. Daktari alimmulika kwa kitochi chake, jicho hili na lile, akasema macho yamekauka na kuchoka. Atie dawa ya matone, avae miwani, na asiikodolee simu macho hata kidogo mpaka atakaporudi kuangaliwa tena.

"Simu unaitumia kwa kazi gani, mama, hata yafikie hapa?"

"Nasoma," Sabiha akajibu.

"Anasoma hadithi za mapenzi," akadakia Miraji, mumewe, ambaye alikuwa amefunga duka lake la ushonaji ili amsindikize, na tangu asubuhi alikuwa akitafuta pa kutolea uchungu wake. "Mtu mzima, ana wajukuu, anasoma nani kampenda nani."

Nesi akainamia karatasi zake kuficha kicheko. Sabiha alivuta mtandio wake vizuri, akapokea dawa, akaaga kwa adabu. Njia nzima ya kurudi nyumbani Ngamiani hakumwambia mumewe neno, na Miraji, aliyekuwa akikokota baiskeli nyuma yake, akajua kwamba mchana huo atapakuliwa wali, atapakuliwa na mchuzi, lakini mazungumzo hatapakuliwa.

Kila alasiri wanawake wa barabara yao walikusanyika barazani kwa Sabiha. Huyu kaja na ukili wake wa kusuka, yule na sinia la mchele wa kuchambua, na Sabiha akawasomea kutoka kwenye simu. Hadithi ilikuja kwa wasapu, sehemu moja kila siku, kutoka kwa mwandishi ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura. Sabiha ndiye aliyelipia kiingilio cha kundi, na sauti yake ndiyo iliyoipa hadithi roho. Alikuwa mama mkwe mwenye kikohozi, akawa dereva wa lori, kisha akarudi kuwa Ruwaida. Ruwaida huyo alikuwa mke wa Fuadi, afisa forodha wa mpakani Horohoro, na alirudishwa kwao kwa fitina ya wifi yake. Sasa hadithi ilikuwa imefika pale ambapo mtu hawezi kulala: Fuadi ameanza kuujua ukweli.

Miraji alikaa na cherehani yake chumba cha mbele, ndilo duka lake, dirisha likiangalia baraza. Mbele ya wanaume wenzake, kwenye kahawa ya Idarusi, alisema kelele za wanawake zinamharibia kazi. Lakini siku Ruwaida alipofukuzwa, Miraji aliushona mkono wa kushoto wa kanzu ya watu mahali pa mkono wa kulia, akalaumu taa.

Sabiha alipopigwa marufuku, wenzake walijaribu kushika nafasi yake. Bi Khadija, jirani yao muuza mkate wa ajemi, alisoma kama anayetangaza kwamba maji yatakatwa. Maimuna wa nyumba ya tatu alisoma kwanza kimoyomoyo, akacheka peke yake, akasema, "Hee, jamani!" kisha akawaeleza yaliyomo kwa maneno manne. Haukupita muda baraza likabaki na paka.

"Bora niirudie simu," Sabiha akasema siku moja, akimenya vitunguu uani. "Nipofuke, lakini nipofuke nikiwa najua Fuadi amefika wapi."

Ndani, cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

*

Aliyeleta habari ya kibao ni Mwalimu Imakulata. Huyu alikuwa mpangaji wao wa chumba cha uani, binti wa watu wa mashamba ya mkonge kule Muheza, mwalimu wa sekondari na mwanakwaya wa kanisani kwao. Alitoka chumbani na kitu cheusi, chembamba, ukubwa wake kama daftari dogo, akamkabidhi Sabiha.

"Mama, jaribu hiki."

Sabiha akakigeuzageuza. "Hakijawaka."

"Kimewaka. Ndivyo kinavyowaka. Hakikupigi mwanga wa machoni kama simu. Maandishi yanakaa pale kama ya kitabu, na ukitaka unayakuza."

Imakulata akayakuza mpaka yakawa kama ya bango la mkutano. Sabiha akaenda nacho katikati ya ua, penye jua kali la saa sita, mahali ambapo simu ingekuwa kioo cha kujitazamia. Akasoma mstari mmoja kwa sauti. Ulikuwa wa Kiingereza, hakuelewa nusu yake, lakini aliusoma wote bila kufumba jicho.

"Miraji!" akaita. Jina hilo tupu alilitumia kwa mambo mawili tu, hasira na mambo makubwa. Siku nyingine zote mumewe alikuwa Baba Mudathir. "Njoo uone! Karatasi inayogeuka yenyewe!"

Miraji akaja, sindano mdomoni, akakitazama kile kitu. "Shilingi ngapi?" akauliza.

*

Muuzaji alikuwa kijana nadhifu aitwaye Innocent, mwenye duka la simu mjini. Aliwaamkia shikamoo, akawawekea vibao viwili juu ya kioo, akavipangusa kwa kitambaa kama vito.

"Hiki laki mbili na nusu, mzee. Na hiki laki nane."

"Vyote vinaonyesha maandishi?"

"Vyote."

"Vyote havipigi macho?"

"Ni wino uleule, mzee, si mwanga."

"Basi tupe cha laki mbili na nusu," Miraji akasema, na mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni, penye fedha alizokuwa akijiwekea anunue cherehani ya kuzungushia pindo.

"Kwanza nikueleze," Innocent akasema. "Hiki cha bei nafuu waliokitengeneza wamekifunga. Huwezi kukiwekea programu ya mtu mwingine. Kinasoma vitabu vya dukani kwao, basi, na hati utakazokipelekea wewe mwenyewe. Hiki kingine ni kama simu kamili. Unakiwekea Kurani, magazeti, kamusi, wasapu, chochote."

Mkono ukagoma mfukoni. "Unasema hiki hakina wasapu?"

"Hakina, na hakitakuwa nayo."

"Sasa hadithi itaingiaje?"

Sabiha akageuka polepole. "Hadithi ipi, Baba Mudathir?"

"Hizo zako. Sijui za nani hizo."

"Chenyewe hakitoki kwenda kutafuta," Innocent akaeleza. "Kinakaa, kinasubiri kuletewa."

"Kama mimi nilivyoolewa," Sabiha akasema.

Innocent alicheka mpaka akashika kaunta. Miraji hakucheka. Alikuwa amekiinua kile cha laki nane, anakipima uzito, na maneno yaliyomtoka yalimshangaza mkewe, maana huyu ni mtu aliyekunywa kahawa bila kashata miaka nenda miaka rudi ili kubana matumizi.

"Vitu vya kufungwafungwa mimi sivipendi," alisema. "Mtu ukinunua kitu kiwe chako. Leo umelipa, kesho mwenyewe bado anakwambia hiki fungua, hiki usifungue. Ununuzi gani huo?"

"Una laki nane?" Sabiha akamuuliza kwa sauti ya chini.

Miraji akakirudisha kibao juu ya kioo, akakinyoosha kikae sawa na mwenzake. "Tutarudi, kijana."

"Karibuni sana, mzee," Innocent akasema, na alikuwa ameshaanza kumwangalia mteja mwingine.

*

Habari zilifika barazani kabla hawajavua viatu. Alasiri hiyo walikuja wote, hata wasiokuja siku nyingine.

"Cha laki nane tunachanga," Bi Khadija akatangaza. "Kila mtu alete alichonacho. Miraji ataweka zake, sisi tutajaza. Hadithi ni yetu sote."

Miraji, ndani ya dirisha, akashusha pumzi. Imakulata akaulizwa kinaweza nini na nini, akawaambia ukweli: karibu kila kitu.

"Basi mimi kitiwe tafsiri ya Kurani," Bi Khadija akasema. "Na picha za mjukuu wangu wa Maskati, ziwe kubwa."

"Zitakuwa nyeusi na nyeupe, Bi Khadija."

"Si neno. Atafanana na babu yake."

Maimuna alitaka mapishi ya video. Imakulata akamwambia video humo zinarukaruka kama panzi; Maimuna akasema atapika yale yanayoonekana. Mmoja alitaka nyimbo za taarabu. Mwingine akauliza kama Ijumaa kitalala kwake, maana atakuwa na wageni. Yule aliyeahidi mchango mdogo kuliko wote ndiye aliyeuliza kitahifadhiwa kwa nani na funguo za kabati atashika nani. Wakafika mahali pa kuinuliana sauti juu ya Jumamosi ya nani, na kibao chenyewe bado kiko dukani kwa Innocent.

Sabiha alikuwa akitia dawa, matone yakimteleza shavuni kama analia. Mwishowe akasema, "Kinachofungua kila kitu kitafunguliwa na kila mtu. Mimi mgonjwa wa macho nitakiona lini? Nataka kile kilichofungwa."

"Na wasapu?" Miraji akauliza kutoka ndani, haraka mno.

Wanawake wote wakageukia dirisha.

"Mwalimu anasema mtu anaweza kuikopi hadithi kwenye simu na kuituma humo kwa barua pepe," Sabiha akasema. "Wewe simu unayo. Macho unayo. Na hapo dirishani umeshasimama."

*

Walikinunua. Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Kwenye kahawa ya Idarusi habari ilipokelewa kwa maneno machache: Miraji kampa mkewe kibao.

Ijumaa baada ya swala, Mzee Abdulghani, mkubwa wao wa kahawani, akaja na wenzake wawili, kofia kichwani na nyuso za nasaha. Walikaa, wakanywa maji, wakazungumzia joto. Kisha Mzee Abdulghani akakohoa.

"Mwanangu Miraji, nyumba ina mengi. Lakini hili tulilolisikia si jambo la mtu wa umri wako."

"Lipi, mzee wangu?"

"La kibao."

"Ah, kibao!" Miraji akasema, uso umemchangamka. "Nilichelewa tu kumpa. Ilikuwa nimpe zamani. Mama Mudathir! Hebu njoo, wazee wanataka kukiona kibao!"

Wazee wakatazamana. Mmoja wao akavaa kabisa viatu. Sabiha alipotokea na kibao chake, akawasomea kwa sauti mistari miwili, Mzee Abdulghani alikitazama kile kitu kwa muda mrefu, akauliza kama kinaweza kukuza maandishi ya Kiarabu, na nasaha zikaishia hapo. Lakini kwenye kahawa Miraji alifika akiwa ameshapewa jina la Kibao, na jina hilo hakuweza kulikataa, maana kila alipoanza kulieleza watu walizidi kucheka.

Imakulata alimfungulia anwani ya barua pepe. Alipomwambia achague nywila ambayo mtu hawezi kuibahatisha, Miraji alifikiri, akaangalia mlangoni, akaandika kwa kidole kimoja: Ruwaida. Mwalimu aliiona. Akajikuna shingo.

Basi ikawa hivyo. Sehemu mpya ilipoingia mchana, Miraji aliikopi, akaibandika kwenye hati, akaituma. Waliokifunga kile kibao walikuwa wameacha mlango mmoja, na bawabu wake akawa fundi cherehani. Alisema haisomi, anaipitia tu, asije akaituma imekatika. Lakini kuanzia adhuhuri yeye peke yake barabara nzima ndiye aliyejua yaliyompata Ruwaida, na jambo hilo lilimkaa usoni. Wanawake wakaanza kumletea nguo za kupinda ambazo hazikuhitaji kupindwa. Bi Khadija alileta mkate wa ajemi, wa moto, umefunikwa.

"Fundi, tuambie tu hili moja. Leo tuje na leso au tusije nazo?"

"Mimi sisomi, Bi Khadija. Napeleka."

"Mbona macho mekundu?"

"Vumbi la kitambaa."

Bi Khadija akafunua mkate, akausogeza karibu. Miraji akautazama, akatazama cherehani yake.

"Mje nazo," akasema.

*

Sehemu ya mwisho iliingia mchana mmoja wa joto, wateja hakuna. Miraji aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Fuadi amejua ukweli wote. Ametoka Horohoro mpaka kwao Ruwaida, amegonga, amefunguliwa. Amesimama mbele ya mkewe, na baada ya yote yaliyotokea, mdomo wake hautoi neno. Ruwaida amemngoja. Amemngoja sana. Kisha mlango ukafungwa. Mwisho.

"Haiwezekani," Miraji akasema peke yake.

Aliteremsha vidole kwenye simu kutafuta kama kuna kilichobaki. Kulikuwa na shukrani za mwandishi na tangazo la hadithi mpya. Akaketi na hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Mwanamume amesafiri, amefika, amesimama pale. Kama hajui kusema, ndiyo afungiwe mlango? Je, wako wangapi wasiojua kusema?

Akaibandika hadithi kwenye hati. Akafuta mlango. Akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akitokwa na jasho, na mteja aliyekuja kuchukua suruali aliambiwa arudi kesho.

Alasiri baraza lilijaa. Sabiha akasoma polepole, kwa sauti yake ya siku za mambo makubwa. Fuadi akagonga. Fuadi akafunguliwa. Fuadi akakosa neno. Wanawake wakaacha ukili na mchele.

"'Ndipo Fuadi alipoona kwamba pindo la gauni la Ruwaida limefumuka upande mmoja,'" Sabiha akasoma, na sauti yake ikapungua mwendo. "'Akapiga magoti kizingitini. Akatoa mfukoni sindano na...'"

Akanyamaza.

"Na nini?" Maimuna akapiga kelele. "Usituue!"

"Nameza mate," Sabiha akasema. Akakisogeza kibao karibu na uso, na wenzake hawakumwona vizuri. "'Akatoa mfukoni sindano na uzi wa rangi ileile. Akaushona mshono wa kurudia, ule usiofumuka hata nguo ifuliwe mara ngapi. Alishona kimya mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Ruwaida akamwambia, ingia ndani, jua kali.'"

Bi Khadija alilia bila kujificha. Imakulata alikuwa amerudi kutoka shule na amesimama nyuma na madaftari kwapani.

"Afisa forodha anatembea na sindano mfukoni?" akauliza.

"Mapenzi yanamfundisha mtu," Bi Khadija akamkata. "Mwalimu, usituharibie."

*

Aliyeharibu ni dada yake Bi Khadija, aliyeko Pangani, ambaye naye alikuwa kwenye kundi lile. Alipiga simu kesho yake asubuhi kuomboleza.

"Nimelala na uchungu, dada. Kumfungia mtu mlango namna ile!"

"Mlango gani? Kapiga magoti, kashona pindo."

"Pindo lipi? Umeota?"

Walibishana mpaka salio likaisha. Alasiri Miraji akatolewa dukani kwake, akawekwa kwenye kigoda katikati ya baraza, wanawake wamemzunguka. Watu wa baiskeli walipunguza mwendo kuangalia.

"Fundi," Bi Khadija akaanza, "tumelia machozi yetu ya halali kwa hadithi ya uongo."

"Hadithi zote ni za uongo, Bi Khadija," Imakulata akasema.

"Ile ni ya uongo wa mwandishi, na tumemlipa. Hii ni ya uongo wa fundi. Sema, umeandika hukuandika?"

Miraji aliangalia barabarani. Idarusi alikuwa anapita na mabirika yake ya kahawa, na alikuwa amesimama.

"Nimeandika," akasema.

Hukumu ikatoka papo hapo: asome ile ya kweli, yeye mwenyewe, kwa sauti, hapohapo. Imakulata akaituma kwenye kibao. Miraji akakishika kwa mikono miwili na kuanza kwa sauti kavu ya mtu anayesoma vipimo vya suruali. Lakini Fuadi alipogonga, sauti ilianza kumtoka kifuani. Fuadi aliposimama bila neno, Miraji naye akawa hana neno. Alifungua mdomo mara mbili. Idarusi akatazama pembeni kwa heshima.

Sabiha akakichukua kibao mikononi mwake taratibu, akaumalizia yeye mstari uliobaki. Mlango ukafungwa.

Wanawake wakarudia ukili na mchele.

"Huyu mwandishi," Bi Khadija akasema, "hajaolewa. Mimi nabaki na pindo."

"Na mimi pindo," Maimuna akasema.

Wakabaki nalo wote, isipokuwa Mwalimu Imakulata, aliyesema kwamba yeye angefunga mlango na komeo. Pangani wakaachiwa hadithi yao.

Waliondoka mmoja mmoja kwenda kuteka maji na kubandika vyungu. Sabiha hakuinuka. Miraji naye alikuwa bado kwenye kigoda chake cha mshtakiwa, hajui kama ameruhusiwa.

"Kwa nini sindano?" Sabiha akauliza.

"Sijui mtu anaombaje radhi kwa maneno tu."

"Na wewe ulikuwa unaniomba radhi ya nini?"

Miraji akafikiri. Alijaribu kuchagua moja, zikaja nyingi, zikasukumana mlangoni.

"Ya jumla," akasema.

"Ya jumla siitaki. Wenye duka la jumla wanapunja. Nipe za rejareja, moja moja."

"Zote?"

"Nina nafasi."

Miraji akasogeza kigoda karibu, akaangalia kushoto na kulia kama kuna mtu anayesikia, akakohoa.

"Ile harusi ya kule Mabawa," akaanza, "nilipokwambia gari limejaa. Halikuwa limejaa."

Sabiha akavua miwani. "Hiyo nilikuwa siijui."

"Basi niifute?"

"Endelea," akasema.